Kovu la Mama Nililolifuta

Plastiki ikipita kwenye mashine ya moto hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani. Harufu hiyo ndiyo kazi yangu. Nina studio hapa Gisenyi, au Rubavu kama barua za ofisi zinavyopenda kuandika. Nina kompyuta mbili, kamera nzuri, mashine ya kuchapa inayotoa hata mabango, na ukutani, mahali ambapo hakuna mteja asiyepaona, stashahada yangu ya usanifu wa picha na midia. Sikuachiwa na mtu. Niliisomea Tanzania, nikijilipia kwa kuchora mabango ya saluni na vibanda vya chipsi, nikarudi nayo nyumbani ikiwa tayari kwenye fremu. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo waliosema nitarudi mikono mitupu, na baadhi yao sasa wanapanga foleni kwangu kupigwa picha za harusi.

Chini ya stashahada nimetundika kitu kingine: karata kuukuu ya kuvukia mpaka, imefunikwa plastiki na kutobolewa kwenye kona. Wateja huiulizia hiyo kuliko stashahada. Ndani yake kuna picha ya mwanamke mzuri, uso laini, koti jeusi, anatazama mbele bila wasiwasi. Juzi mama yangu aliingia mashine ikiwa moto. Alisimama mlangoni, akainusa ile harufu, akaitazama karata.

"Huyu mwanamuke bado unamuweka tu?" akauliza.

Nikacheka. Lakini kwa dakika moja nikawa tena na miaka kumi na mmoja, mwanafunzi aliyejiona ameshakuwa fundi.

Shuleni kwetu zilikuja kompyuta za watoto, ndogo na nyepesi kama sahani za plastiki, tukizitumia wawili wawili. Wenzangu walitafuta michezo. Mimi nikagundua ukurasa wa kuchorea. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa ng'ombe kama wale wa Bugeshi, na alitoka na pembe kama ngazi, kwa sababu mstari wa mshazari ulikataa kunyooka. Ulipanda kwa vijiraba, miraba midogo midogo. Mtoto mwingine angefuta. Mimi niliamua kwamba ngazi ndiyo mtindo wangu, nikachora kwa vijiraba milima yote, mawingu, hata moshi wa volkano. Kisha nikachora lori la bia likipanda mlima kutoka Rubona: michoro kumi na miwili, kila mmoja lori limesogea kidogo. Nilipoipitisha haraka haraka, lori likapanda. Likapanda kweli! Nikarekodi mlio wa cherehani ya baba, nikauweka chini ya michoro, na lori likawa na injini. Darasa zima lilisimama juu ya madawati. Mwalimu akauliza nani kanifundisha, nikajibu hakuna. Jibu hilo nalipenda hadi leo.

Baba alikuwa fundi cherehani, na baraza lake lilikuwa moja na studio ya Maître Kasimu, mpiga picha. Maître Kasimu alikuwa na koti moja jeusi, kazi ya baba, ambalo kila aliyetaka picha ya kitambulisho alilivaa. Muuza isambaza, wale dagaa wa ziwani, alilivaa, dereva wa pikipiki alilivaa, mwalimu wangu mwenyewe alilivaa. Koti likawa linanuka jasho la mji mzima. Nilipotoka shule nilikuwa nakaa kwenye kompyuta ya studio, ambayo maandishi yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Nilijifunza kila alama kwa kuibonyeza na kungoja kuona kitakachoharibika.

Siku moja koti lilikuwa limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba likichuruzika maji, na akaja kijana mwenye haraka, kavaa jezi ya mpira ya bluu. Maître Kasimu akampiga picha hivyo hivyo, akashika kichwa. Mimi nikafungua picha ya mteja wa jana yake, nikalikata koti taratibu kwa kipanya, nikalishusha shingoni mwa yule kijana. Nikalipunguza mabega. Likamkaa.

Maître Kasimu alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"We mutoto, ulifanya nini?"

"Nimemvalisha."

"Bon," akasema baada ya kufikiri. "Donc ile koti haitafuliwa tena."

Kuanzia hapo koti la kompyuta ndilo lililovaliwa. Lilikuwa na kasoro moja tu. Kwenye ukosi wa kushoto baba alikuwa amesahau pini yake ya ushonaji, yenye kichwa cheupe kama punje ya mchele, na nilipolikata koti niliikata pamoja na pini. Nilipokuja kuigundua, nusu ya mji ilikuwa imeshavaa pini hiyo.

Sasa nimzungumzie mama. Alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, akaitwa Espérance. Alipoolewa na baba akawa Mariamu. Ndugu zake waliendelea na jina la kwanza, sisi tukaendelea na la pili, Noeli tulikula kwao na Idi walikula kwetu. Kila siku aliondoka na beseni la karoti na vitunguu kichwani, akavuka, akauza, akarudi na vitenge vya baba. Na alikuwa na kovu. Lilianza chini ya jicho la kushoto likashuka hadi kwenye taya, pana kama kidole changu cha wakati ule, linang'aa kuliko ngozi yote.

Niliamini analionea haya. Hakuna aliyeniambia, lakini ushahidi niliuona kwa macho yangu. Kila alipozungumza na mtu aligeuza uso akampa upande wa kulia. Alifanya hivyo sokoni, msibani, hata na baba. Tukiketi mkekani, alichagua mahali ambapo sote tungekuwa kuliani kwake, na nikikaa upande mwingine alinisukuma taratibu nihame. Nilimhurumia kimya kimya. Nilijiambia kwamba siku nitakapokuwa na uwezo nitamtolea kile kitu.

Siku hiyo ilikuja mapema. Karata yake ilijaa mihuri, akahitaji mpya. Alikaa studio, akavua mtandio mpaka masikio yakaonekana kama ilivyotakiwa, Maître Kasimu akampiga mara moja tu kisha akaanza kufunga mizigo yake kwenda kwenye sherehe.

"Zena, muvalishe maman yako koti, panga nne nne, toa," akaniagiza.

Nilimvalisha. Halafu nikabaki naye peke yangu, uso mkubwa umejaa kioo, na kovu limenyooka kama barabara. Katika ile programu kulikuwa na kifaa chenye alama ya muhuri. Unaonyesha mahali pazuri, kisha unagonga mahali pabaya, na pabaya panafanana na pazuri. Nikachukua ngozi ya shavu la kulia, nikaanza kugonga juu ya kovu, kidogo kidogo, ulimi nje. Nakumbuka joto la kompyuta kwenye magoti yangu na sauti ya baba nje akikata kitambaa. Kovu likapungua. Likawa mstari. Likawa kivuli. Likaisha. Nikahifadhi kazi yangu juu ya picha ile ile ya mwanzo, kwa sababu sikujua kwamba kuna haja ya kuweka ya mwanzo.

Picha ziliingia kwenye bahasha pamoja na fomu, na bahasha ikabebwa na Mama Anitha, kiongozi wa kikundi cha akina mama wavukaji, ambaye alipeleka makaratasi ya wote kwa pamoja. Kwa hiyo kule ofisini hakuna aliyeuona uso wa mama, ila picha yake tu. Karata ilipotoka, mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Iko mimi huyu?"

"Ni wewe, mama."

"Niko sawa na Shukuru," akasema. Shukuru ni mdogo wake wa Goma. Akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu anayestaajabia mwanga wa kamera, na mimi nikalichukua tabasamu lile kuwa ahsante. Karata ile niliipitisha mimi mwenyewe kwenye mashine ili mvua isiiharibu. Ikatoka na moto, inanukia, imefungwa pande zote. Sijawahi kujivuna vile, na mnajua sasa kwamba kujivuna najua.

Siku tatu alivuka asubuhi katika msongamano wa wanawake na mabeseni, na hakuna aliyemkazia macho. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka msikitini, hata kofia hajaivua, Mama Anitha alipofika barazani anahema, beseni tupu la mama amelibana kwapani.

"Baba Zena! Bamemushika Mama Zena pale mupakani, barrière ndogo. Wanasema karata haiko yake."

"Haiko yake vipi?"

"Wanasema sura ni ya mutu mwingine. Kitambulisho iko na kovu, karata haiko na kovu. Wanasema alibadilisha picha ili mudogo wake avukie. Yoo, Mana, Mungu yangu, wakiichukua ile karata ataishi na nini?"

Baba aliondoka na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, na mimi nikamfuata nikikimbia. Tulipofika kwenye kona nilimshika shati.

"Baba, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilimtoa kovu. Kwenye kompyuta."

Alisimama. Pikipiki zilitupita huku na huku. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Zena, uso wa mama yako umeupeleka wapi?"

Nilimweleza. Akatoa simu, akampigia Maître Kasimu, aliyekuwa Rubona kwenye harusi. Nilisikia ngoma ndani ya simu na sauti ya Kasimu ikipiga kelele: picha za mwezi mzima amezifuta kwenye kamera asubuhi, alihitaji nafasi ya bibi harusi. Basi uso wa kweli ulikuwa umefutwa mahali pote pawili. Ulibaki mmoja tu, na huo ulikuwa umezuiliwa mpakani.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha maafisa, amenyooka, mikono magotini. Mbele yake alisimama afisa kijana, suruali imepigwa pasi vizuri, karata mkononi. Na kando alikuwa mama mdogo Shukuru, aliyeletwa na mtu kutoka upande wa pili ili amtetee dada yake. Ndiye aliyeharibu mambo zaidi. Alikuwa akizungumza kwa mikono miwili.

"Afande, mi naapa, huyu ni yaya yangu, dada mukubwa, tumbo moja, baba mumoja!"

Afisa alimtazama Shukuru. Akaitazama karata. Akamtazama Shukuru tena.

"Mama, asante kwa kuja," akasema. "Mwenye karata ndiye wewe."

"Mimi? Hapana!"

"Hii iko sura yako kabisa. Jina la dada, sura ya mudogo. Donc munavuka wawili na karata moja."

"Ayiwe! Nilikuja kumusaidia, sasa munanifunga na mimi?"

Baba alijaribu kueleza. Alisema mtoto wake alicheza na kompyuta. Afisa akaniangalia, sare ya shule, magoti yenye vumbi, akatabasamu kwa namna ya kumaliza maneno. "Baba, hiyo kazi iko ya fundi mukubwa. Hapana ya mutoto."

Nakiri kwamba hata katika hofu ile, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Lakini nilimwona mama. Alikuwa amegeuza uso, ameupeleka upande wa kulia kwa yule afisa kama kawaida yake, na kovu limeangalia ukutani. Niliona anaaibika mbele ya watu wote, kwa sababu yangu. Ndipo nikaiona pini.

Afisa alikuwa na kadi ya kazi shingoni. Katika kadi kulikuwa na picha yake, na katika picha kulikuwa na koti jeusi, na kwenye ukosi wa kushoto punje moja ya mchele.

"Afande," nikasema, "hilo koti la kwenye kadi yako si lako."

Wenzake waliokuwa dirishani wakageuka.

"Unasema nini, we mutoto?"

"Ulikuja na jezi ya mpira. Ya bluu. Ulikuwa na haraka. Koti lilikuwa kwenye kamba, limelowa. Nilikuvalisha mimi."

Mwenzake mmoja alianza kucheka. "Eeeh! Na wewe ulituambia ulishonesha suti!"

Afisa alishika kadi yake akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Nikamwonyesha pini. Nikamwonyesha pini hiyo hiyo kwenye karata ya mama, mahali pale pale, imeinama vile vile. Nikaona nimepata nafasi, nikaendelea kabla hajaifunga.

"Na kovu nililifunika kwa ngozi ya shavu la kulia. Mama ana kidoa cheusi kuliani, karibu na mdomo. Hesabu kwenye picha."

Kidoa cha pili nilikuwa nimekigundua siku ile ile ya plastiki, karata ikiwa imeshafungwa. Muhuri ule huchukua kila kitu unachokikuta. Ulichukua ngozi, ukachukua na kidoa, ukakigonga upande wa pili. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani hakuna mtu duniani anayetazama kwa makini kama mimi.

Afisa alimwomba mama asimame kwenye mwanga. Kidoa kimoja, kuliani. Akamwomba Shukuru. Hana hata kimoja. Shukuru akazungusha uso wake mara mbili aonekane vizuri, kwa maringo. Karata ilikuwa na viwili, kimoja kila upande, vinafanana kama mapacha.

"Hakuna mutu wa hivi," afisa akasema polepole.

"Hakuna," nikasema. "Nilimtengeneza."

Aliingia ndani kwa mkubwa wake. Tulisubiri. Jua lilikuwa bado liko juu na wanawake walikuwa wanapita na mabeseni yao, kila mmoja akimsalimia mama kwa sauti ya chini kama anayesalimia mgonjwa. Nilihesabu matofali ya ukuta nikakosea, nikaanza tena. Afisa aliporudi alikuwa ameitoboa karata kwenye kona. Mama ataandikiwa nyingine, akasema, kwa picha mpya, isiyoguswa. Hakuna kosa lililoandikwa juu yake. Kisha akanipa mimi ile iliyotobolewa.

"Shika, fundi. Lakini mwanamuke huyu asivuke tena hapa."

Shukuru alipiga kigelegele. Baba aliketi kwenye benchi ghafla, kama mtu aliyekatwa nyuzi, akavua kofia akajipepea. Na mimi, niliyekuwa sijalia tangu barazani, nikalia mpaka futi ya baba ikalowa.

Tulirudi kwa miguu. Mama alinivuta taratibu nihame, nikawa kuliani kwake.

"Sasa niambie. Alama yangu ulitoa kwa nini?"

"Kwa sababu unaificha."

"Nani anaificha?"

"Wewe. Unageuza uso. Kila siku, kwa kila mtu."

Alisimama katikati ya njia. Alimwangalia baba, baba akamwangalia, wakaanza kucheka, yeye kwanza kisha baba, kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari, kisichojua pa kuishia.

"Zena! Mi nageuza sikio. Hili ya kushoto haisikie kitu, tangu ile siku ya kovu. Nikikuweka huku, nitakusikia wapi?"

"Ulikuwa hujui?" baba akauliza, na alishangaa kweli. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama mlango wa nyumba. Nani humweleza mtoto mlango uko wapi?

Ndipo mama aliponisimulia njiani habari ya chukudu. Alikuwa msichana wa umri wangu. Kaka yake alibeba makaa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio wala cheni, na mama akaiiba ili ashindane na wavulana kwenye mteremko. Chini kabisa gurudumu lilikutana na jiwe la volkano.

"Nilianguka, ndiyo," akasema, na akajigusa shavu la kushoto kama mtu anayegusa medali. "Lakini nilianguka nikiwa mbele."

Watu huniuliza majivuno yangu nimeyatoa wapi. Sikuyatoa chuoni.

Kesho yake Maître Kasimu alimpiga mama picha nyingine, na niliiweka picha ile mara mbili kabla ya kugusa hata kitufe kimoja. Hadi leo nahifadhi ya mwanzo kando, ya kila mteja, awe bwana harusi au mtoto wa chekechea. Chuoni walinifundisha jambo hilo katika muhula wa kwanza. Nilikaa nyuma nikatabasamu, maana lilikuwa limeshanigharimu kabla hawajanifundisha.

Juzi mama hakuja kutembea tu. Alihitaji picha ya kitambulisho kipya. Amezeeka kidogo, kovu nalo limejikunja pamoja naye, na kidoa chake bado ni kimoja. Aliketi kwenye kiti, akavua mtandio, akaitazama tena ile karata ukutani na kumkonyeza yule mwanamke ambaye hajawahi kuvuka popote.

"Koti iko?" akauliza.

"Lipo. La kweli, mama. Baba alinishonea."

Nikamvalisha kwa mikono. Nikasimama kuliani kwake, nikainama, nikamwambia sikioni asicheke mpaka nimalize. Kisha nikazunguka, nikaisogeza taa upande wake wa kushoto, karibu zaidi na kovu.